Nyamizi na Ndege ya Bati ya Goweko

Lori lilisikika kabla halijaonekana. Lilikuwa likija kutoka upande wa barabara ya Tabora, likinguruma kwa gia ndogo, na Nyamizi, aliyekuwa amepiga magoti ukingoni mwa mbuga akichimba udongo wa kufinyangia, alijua bila kuuliza limekuja kuchukua nini. Aliacha jembe palepale. Udongo ukiwa umemfika viwikoni, alikimbia kuelekea katikati ya mbuga, ilikolala ndege.

Ilikuwa Novemba, mwaka 1952. Mvua ilikuwa haijaanza, lakini tangu asubuhi mawingu yalikuwa yakijikusanya upande wa mashariki, na hewa ilikuwa nzito. Kila mtu wa Goweko anajua kwamba mbuga ile ikishakunywa maji haipitiki kwa gurudumu hadi kiangazi kirudi. Mwenye lori alitaka ndege ikatwe na bati lake liondoke kabla ya mvua. Nyamizi alitaka isiguswe mpaka treni ya kutoka pwani ifike, kwa sababu ndani ya treni hiyo alikuwamo mtu wa makumbusho, anayekuja kuitazama na kuamua kama inafaa kuhifadhiwa.

Mimi sikuwapo; nilikuwa shule ya bweni Tabora mjini. Haya nimeyapata kwa mama yangu, Koleta, aliyekuwa jirani yake, na kwa Nyamizi mwenyewe, ambaye nilimzoea katika uzee wake, macho yake yalipokuwa yamekwisha kufifia lakini vidole vyake bado vinaona. Mama hakuwa upande wake siku ile. Nalisema hili mapema ili ieleweke kwamba aliyenisimulia kwa uchungu zaidi ndiye aliyekuwa anataka ndege ikatwe.

Ndege yenyewe ilianguka mwaka 1936, wakati wa kuchoma nyika. Moshi ulikuwa umefunika nchi hata reli haionekani, na rubani, Mzungu kijana, alipotea njia, mafuta yakamwishia, akaishusha mbugani. Iliteleza kwa tumbo, ikazika pua yake katika korongo dogo, na mkia ukabaki juu, umeegemea kichuguu. Rubani alitoka na mchubuko wa paji la uso tu. Nyamizi, mwanamke wa kwanza kufika, alimpa maji kwa kibuyu, naye akanywa yote bila kupumua. Baadaye mafundi walikuja kwa treni, wakafungua injini na saa zote za vioo zilizokuwa mbele ya rubani, wakaenda zao. Kiwiliwili wakakiacha.

Watu wakakizoea. Mbuzi walipumzika kivulini mwa bawa, wapita njia walifunga punda wao kwenye gurudumu. Nyamizi peke yake hakukizoea. Alikuwa mfinyanzi, binti wa mfinyanzi, na tangu utotoni alijua kupamba shingo ya chungu kwa kuviringisha bunzi la hindi ili udongo uache mistari. Bati la ndege ile lilikuwa na mikunjo kutoka kichwani hadi mkiani, mstari kwa mstari, hakuna uliopinda, na katika maungio yake vilipangwa vichwa vya misumari vya mviringo, vidogo kama ushanga. Alipitisha kidole humo siku ya kwanza, na aliniambia kwamba usiku ule hakulala.

"Kwa nini?" nilimuuliza.

"Wewe ndiye uliyesoma," alijibu. "Niambie wewe kwa nini mtu anapenda."

Mumewe, Yoramu, fundi wa paa na mwimbaji wa kanisa la Moraviani, alimcheka lakini hakumkataza. Wakienda Tabora kuuza vyungu, Yoramu alikwenda sokoni na Nyamizi alikwenda ukingoni mwa kiwanja cha ndege, akakaa na vyungu vyake visivyouzwa akisubiri chochote kishuke. Wakati wa vita alikuwa anaweza kukwambia, akiwa shambani, kwamba inayopita juu ni ya injini mbili au ya injini moja. Alizungumza juu ya ile ya mbugani kama mtu: amelala vizuri, amepata joto, leo upepo unamsumbua mkia. Yoramu alipofariki, watu walisema sasa atapata akili. Hakupata.

Ni Damas, karani wa stesheni, aliyemwambia kwamba huko Ulaya ziko nyumba zilizojengwa kwa ajili ya ndege za zamani tu, na watu huingia kuzitazama.

"Nyumba? Yenye paa?"

"Yenye paa, mama. Na mlinzi mlangoni."

"Na ndege hazifanyi kazi yoyote?"

"Zinatazamwa. Ndiyo kazi yake."

Nyamizi alikaa kwenye benchi la stesheni kwa muda mrefu. Tangu siku ile hakumwacha Damas apumue. Alimuuliza kila alipomwona: na huku kwetu hakuna nyumba hiyo? Damas, aliyekuwa mtu wa magazeti na wa huruma, aliuliza huku na huku kupitia wenzake wa reli, hata habari ikamfikia Mzungu mmoja wa pwani aliyekuwa akikusanya mitambo ya kale kwa ajili ya makumbusho. Mzungu alipeleka neno kwamba atakuja. Treni ya siku fulani, ya mwezi Novemba.

Lakini wanawake wa Goweko nao walikuwa na shauku yao. Vita vilipokwisha, mafundi wa Tabora walianza kuyeyusha bati jepesi la ndege mbovu na kulimimina katika kalibu za mchanga, wakatoa sufuria. Mama yangu aliiona sufuria ya namna hiyo kwa shemeji yake akatamani. "Chungu cha Nyamizi kikianguka kimekwisha," alikuwa akisema. "Sufuria ikianguka, unaiokota." Basi Shilinde, jumbe wetu, alikubaliana na fundi mmoja wa mjini: bati lichukuliwe, na kila nyumba ipewe sufuria yake. Hapo ndipo maneno yalipoanza kisimani. Walisema Nyamizi halindi ndege, analinda vyungu vyake. Hakuwajibu. Mama alisema kutojibu kwake kuliwakera kuliko tusi.

Fundi huyo aliitwa Mfaume. Alikuwa Mzaramo, mrefu, mwenye sauti ya kujaza soko. Alishuka kwenye lori na misumeno ya chuma begani, akamwona Nyamizi amesimama mbele ya bawa akihema, udongo mikononi.

"Mwangaluka, mke wangu!" alipaza sauti akiamkia kwa Kinyamwezi chake cha kuokoteza. "Umejipaka udongo kwa ajili yangu?"

"Mke wako nani, mla nazi wewe? Ningeolewa na Mzaramo ningekufa njaa chini ya mnazi, nikimngoja mume wangu naye akingoja nazi."

Watu waliokuwa wamelifuata lori wakacheka. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, mizigo ilipokuwa ikishuka kwa mabega kutoka huku hadi Bagamoyo. Hakuna neno ambalo mmoja wao hawezi kumwambia mwenzake, na hakuna ruhusa ya kukasirika.

"Babu yako alimbebea babu yangu pembe za ndovu mpaka baharini," Mfaume alisema, "wala hakulalamika. Leo mjukuu unaninyima bati bovu?"

"Alimbebea kwa sababu babu yako alishindwa kubeba hata kanzu yake mwenyewe."

Kicheko kikapanda. Mfaume alishusha misumeno, akaipanga kwenye nyasi mmoja mmoja, taratibu, na Nyamizi aliiona. Kila mtu aliiona. Dereva hakuzima injini; alikuwa akitazama mawingu.

"Haya, ndugu zangu," Mfaume alisema akigeukia watu, amefurahishwa na hadhira yake. "Mimi nimesikia Goweko kuna maiti imelala wazi tangu kabla ya vita na hakuna wa kuizika. Nikasema, hawa watani zangu, kweli washenzi! Nikaona nije mwenyewe. Leo tunazika."

Mama anasema Nyamizi aliinua kichwa kama mtu aliyeitwa.

"Umesema maiti?"

"Maiti, mke wangu. Tena imeoza."

"Na wewe umekuja kuzika?"

"Mimi hapa."

"Mmemsikia?" Nyamizi aliwauliza watu. Wakaitika kwamba wamemsikia. Akashika ukingo wa tundu alimokaa rubani zamani, akajivuta juu, akaingia, akaketi. Kikaonekana kichwa chake tu na mabega.

"Basi mwenye msiba ni wewe," alisema, "na mtani wako ni mimi. Nimeingia kaburini. Nitoe kama unajua kunitoa."

Kicheko kilikatika, kikarudi kwa nguvu zaidi, kisha kikafa chenyewe watu walipoelewa alichofanya. Katika msiba, mtani ana haki yake. Anaweza kushuka kaburini kabla ya marehemu na kujilaza humo, akakataa kutoka mpaka mfiwa amridhishe. Mfiwa hana ruhusa ya kununa. Na mkono wa mtu haumvuti mtani kaburini kwa nguvu. Anayemvuta, wazee husema, anakwenda na kile kifo nyumbani kwake. Mfaume alikuwa ameutangaza msiba kwa kinywa chake mbele ya nusu ya kijiji.

Alikuna kidevu. "Nimekwisha," alisema. "Mwanamke huyu ameniua." Akavua kofia yake, akamrushia. "Haya, toka."

Nyamizi aliinusa kofia. "Inanuka kichwa." Akaitupa nje.

Mfaume alimwahidi kuku. Nyamizi akasema kuku wa Mzaramo ana mifupa mingi kuliko mwenyewe. Alimletea sufuria mpya kutoka kwenye lori, inang'aa, wanawake wakapumua kwa pamoja. Nyamizi akaigonga kwa kidole, akasikiliza, akasema inalia kama meno ya bibi kizee. Kisha akasema anataka kilio. Msiba gani usio na kilio? Mfaume akaweka mikono kichwani, akalia kwa sauti ya wanawake wa kwao, akimtaja marehemu kwa majina na ukoo, hata mama yangu, asiyekuwa upande wa Nyamizi, ilimbidi akae chini kwa kucheka.

"Hicho ni kilio au mbuzi amekwamwa na maganda?" Nyamizi aliuliza. "Anza tena."

Lakini hakuwa anacheka. Mama alikuwa karibu, akaona. Jua lilikuwa limepasua mawingu kwa muda, na bati lilikuwa limepata moto kiasi kwamba Nyamizi alikuwa amekalia mikono yake mwenyewe. Jasho lilimtiririka likachora mistari katika udongo wa shingoni. Na kila baada ya neno la utani, macho yake yalikwenda upande wa reli, kisha juu mawinguni, kisha kwenye misumeno, yakarudi.

Treni haikuja. Ilikuwa imechelewa, kama ilivyozoea, na hakuna aliyejua ni kwa kiasi gani. Dereva akapiga honi mara ya kwanza, kisha mara ya pili, ndefu.

Hapo ndipo Shilinde alipofika. Alikuwa mtu mzito, asiyependa kuonekana ameshindwa na mwanamke, na alikwisha kuahidi nyumba nyingi sufuria. "Nyamizi," alisema bila salamu, "shuka."

"Shikamoo, jumbe."

"Sikuja kusalimiwa. Shuka, au utashushwa." Hakusubiri. Aliwaita kwa majina wanaume wawili waliokuwa wamesimama nyuma, akawaonyesha kwa fimbo. Walisogea, polepole, wakiangalia chini. Mmoja aliweka mguu kwenye bawa.

"Ondoa mguu," Mfaume alisema.

Hakupaza sauti, na ndiyo maana wote walimgeukia.

"Jumbe, nakuheshimu," aliendelea. "Lakini mtani wangu akiguswa akiwa kaburini kwangu, mimi ndiye nitakayeulizwa. Siyo wewe. Mimi nina wazee Kisarawe. Nitawaambia nini? Kwamba nilisema maiti, halafu nikamwachia mtu mwingine amtoe mtani wangu kama gunia?"

"Wewe umekuja kukata bati au kucheza?"

"Nilikuja kukata bati. Nikacheza kwanza. Ndilo kosa langu."

Shilinde alimtazama, akatema mate pembeni, akakaa juu ya kisiki huku fimbo ikiwa magotini. Hakuondoka. Mfaume akapanda kwenye bawa mwenyewe, akachuchumaa karibu na tundu, akaongea chini kwa chini. Mama alisikia, kwa kuwa alisogea makusudi.

"Dada, tuache utani kidogo. Mwenye lori yuko mjini anangoja. Mvua ikilinasa hapa gari lake, mimi sina kazi. Nina watoto."

"Na tuache," Nyamizi alisema. Midomo ilikuwa imemkauka. "Sikukatazi milele. Ngoja treni tu. Mtu wa makumbusho amtazame. Akisema hafai, nitatoka mwenyewe, na msumeno nitakushikia mimi kwa mkono wangu."

"Na mvua ikitangulia?"

Nyamizi aliinua uso. Upepo ulikuwa umeanza, wa baridi, wenye harufu ya udongo ulioloa mahali pengine.

"Ikitangulia mvua," alisema, "kata."

Mfaume akashuka akarudisha neno kwa dereva. Utani ulikuwa umekwisha na kila mtu alijua. Kivuli kilikuja kikipita juu ya mbuga, kikafunika nyasi, kikafunika lori, kikafunika ndege. Tone la kwanza lilipiga bati, na mlio wake, mama alisema, ulikuwa mkubwa kuliko tone. Likaja la pili. Shilinde akasimama.

"Mvua hiyo," alisema.

"Hayo ni matone," Nyamizi alisema.

"Mvua ni nini kama si matone?"

Mfaume alinyoosha mkono wake, kiganja juu, akasubiri. Watu wote walitazama kiganja hicho. Tone likaanguka, likateleza. Lingine. Akageuka, akainama, akaokota msumeno, na Nyamizi akafumba macho. Alianza na ncha ya bawa. Meno yalipouma bati, ndege nzima ilitetemeka, na aliyekuwa ndani aliusikia mtetemeko ule mifupani. Aliniambia hilo zaidi ya mara moja. Msumeno ulikwenda, ukarudi, ukaenda. Kisha treni ikapiga filimbi upande wa daraja la reli.

Mfaume aliacha msumeno ukining'inia kwenye bawa, akaketi chini kwenye nyasi. 

Yule Mzungu alikuja nusu akikimbia, mfupi, miwani yake mizito ikiruka puani, na Damas nyuma yake na mwavuli usiofunguliwa. Watu walimwita Bwana Miwani kabla hajafika. Hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye bati, akalilalia kwa viganja viwili na shavu, na Nyamizi, akimtazama kutoka juu, alijua kwamba huyu ana ugonjwa kama wake.

"Ndugu zake wote waliyeyushwa wakati wa vita," Bwana Miwani alisema kwa Kiswahili cha pwani, safi, bila kumwangalia mtu. "Sikuamini kwamba amebaki mmoja. Anang'aa! Miaka yote hii nje, anang'aa."

Nyamizi alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

Mzungu akaanza kuizunguka, akigonga kwa kifundo cha kidole, akisikiliza, kama Nyamizi alivyogonga sufuria. Alipofika ubavuni alisimama. Akagonga tena. Akabonyeza kwa dole gumba, na dole gumba likazama. Bati lilipasuka bila sauti, kama jani lililooza. Akabonyeza mahali pengine, napo pakapasuka. Alisogea mbele, chini ya tundu, kote kulikokuwa kunang'aa, na kila alipogusa palimega.

"Nani alikuwa anaisugua?"

"Mimi," Nyamizi alisema. "Kila mwaka, kabla ya mvua."

"Kwa nini? Namaanisha, kwa kitu gani?"

"Kwa majivu. Ya pale ninapochomea vyungu. Nayaloweka, naacha usiku mmoja, nasugua kwa gunia."

Hakuna mwanamke wa kwetu asiyejua maji ya majivu. Tunayachuja tukapikia mlenda na kunde ngumu, kwa kuwa hulainisha kisichotaka kulainika. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba bati nalo ni kitu kinachoweza kupikwa.

Bwana Miwani alivua miwani akaifuta ingawa haikuwa na kitu. Alieleza kwa upole, na upole wake haukusaidia. Mvua ingeliacha bati lile miaka mingi bila kulidhuru, alisema, vumbi pia, jua pia. Majivu yaliyoloa ndiyo yanayolila. Kila mara alipolisugua likang'aa, kilichong'aa kilikuwa bati jipya la chini, kwa kuwa la juu lilikuwa limekwisha kuondoka na maji.

"Kwa hiyo ni mimi," Nyamizi alisema.

Mzungu alirudisha miwani puani. Mama aliniambia kwamba amezika watoto wawili na mume na hajapata kuona uso kama ule wa Nyamizi. Akaniambia pia kwamba hapo ndipo alipoacha kuitaka sufuria, ingawa baadaye aliipokea, maana ilikuwa imekwisha kutengenezwa. Nimefikiri sana juu ya maneno hayo mawili katika maisha yangu, na sijaona yanavyopingana.

"Haiwezi kusafiri," Bwana Miwani alimwambia Damas. "Tukiiinua itavunjika."

"Basi," Shilinde alisema. "Imekwisha."

Matone yalikuwa yamezidi. Nyamizi alitoka ndani ya tundu, miguu ikiwa imekufa ganzi, akateleza kwenye bawa, akafika chini. Hakumtazama mtu. Akautoa msumeno wa Mfaume pale ulipokwama.

"Nilisema nitakushikia."

"Dada, kaa kwanza."

"Njoo." Alitembea, si kuelekea bawani, bali nyuma, mpaka kwenye kichuguu, pale mkia ulipoinuka hewani, mweusi kwa vumbi la miaka, herufi zake zikionekana kwa shida chini ya uchafu. Hakuwahi kuufikia ausugue. Kichuguu kilikuwa kikimomonyoka kila alipojaribu, na mkono haukufika. Akaugonga kwa mpini wa msumeno, kutoka chini. Ulilia mlio mmoja mrefu, mzito. Bwana Miwani alisikia akageuka.

"Huku sikufika," Nyamizi alisema. "Anza kukata hapa."

"Mama," Mzungu alisema, akija mbio. "Sikuja kuchukua mkia. Wakubwa wangu nitawaambia nini? Wanangoja ndege."

"Utawaambia utakavyowaambia. Ukiukataa, utaukataa ukiwa stesheni umewekwa mbele yako. Hapa mbugani sikusikii." Akamgeukia Mfaume. "Unakata au unalia tena?"

Mfaume akatazama lori, ambalo dereva alikuwa amekwisha kuligeuza, akatazama mawingu. Akapanda kichuguu. Nyamizi aliingia chini akaubeba uzito wa bati kwa mabega ili msumeno usibanwe. Msumeno ulipopita mara chache vibaya, Bwana Miwani hakuvumilia. Alitupa koti lake kwenye nyasi, akapanda naye, akamwonyesha Mfaume mstari wa misumari ili akate kwenye maungio na asichane mikunjo. Hakuna aliyesema kwamba amekubali. Wale wanaume wawili walioitwa kumshusha Nyamizi walikuja wakaweka mabega yao kando ya lake.

Mvua ilishuka mkia ukiwa umeshikiliwa na upande mmoja. Dereva hakungoja. Aliondoka bila bati, magurudumu yakichimba, na Mfaume alimwona akienda lakini mikono yake haikusimama. Alikwisha kujua anachokwenda kuambiwa mjini. Mkia ulipoachia, wanaume sita waliupokea, wakauinua mabegani, wakauchukua kupitia majani marefu hadi stesheni, Mfaume mbele, akiimba wimbo wa wapagazi kwa makosa na kutukanwa kwa kila kosa. Shilinde alifuata nyuma na fimbo yake. Mama anasema alibeba kamba za kuufungia mkia.

Katika ghala la stesheni waliulaza juu ya magunia ya karanga. Bwana Miwani alikaa nao hadi asubuhi ilipokuja treni ya mizigo ya kwenda pwani, na hakuna aliyemsikia akisema neno ndiyo. Alimwambia Damas tu aandike jina la kitu kinachosafirishwa, na Damas alipouliza aandike nini, alisema, "Ndege."

Mwili uliobaki ulilala mbugani masika yote. Kiangazi Mfaume alirudi kwa baiskeli, amekwisha kupata kazi kwingine, akaukata kidogo kidogo na kuutoa kwa mkokoteni, na Nyamizi alimshikia msumeno kama alivyoahidi. Wakati wote huo walitukanana. Sufuria za Goweko zilizotoka humo zilikuwa nyepesi mno, ziliungua chini. Wanawake wakarudia vyungu kwa kupikia maharage. Nyamizi alifinyanga hadi mwisho wa maisha yake, na aliacha kupamba shingo za vyungu.

Lakini asubuhi ile ya treni alikuwapo jukwaani tangu alfajiri, amevaa khanga kavu ya kuazima kwa mama yangu. Wapagazi walipokuwa wakiufunga mkia ndani ya behewa, alimsogelea Bwana Miwani.

"Huko, nani atamwosha?"

"Hataoshwa, mama. Atapanguswa vumbi kwa kitambaa kikavu."

"Na nani?"

"Kuna mtu wa kazi hiyo."

"Anaitwa nani?"

Mzungu alifikiri. Hakujua. Aliona haya kwamba hajui, na mama, aliyekuwa ameshika mkono wa Nyamizi, aliona hilo.

"Mwambie huyo mtu," Nyamizi alisema, na treni ilikuwa imeanza kusogea, ikambidi atembee kando ya behewa, "mwambie upepo wa jioni ukimpata, kile kipande cha nyuma kinachogeuka kitagonga. Asiogope. Hakuna kilichovunjika. Ndani, upande wa kushoto, kuna nyigu, asitie moto, wataondoka wenyewe baridi ikija. Na pale chini ya herufi kuna kovu. Halikutokana na kuanguka, alikuja nalo. Asijaribu kulisugua likatoka. Mwambie aliache."

"Nitamwambia," Bwana Miwani alisema, ameinama nje ya behewa.

"Useme yote. Usipunguze."

"Nitasema yote, mama."

Alitembea mpaka jukwaa lilipokwisha.